Nafla na Sharti la Machweo

Nafla binti Subail alijifunza kusoma mawe kabla ya karatasi, na karatasi mpaka leo zinampiga chenga. Ukimpa barua ya shule ya mjukuu wake ataigeuza huku na huku, ataikunja vizuri, kisha atakwambia macho yake yamechoka. Lakini mpandishe Umm Nuqush, mlima wetu mwekundu hapa Sinai ambako Wamisri wa kale walichimba feruzi, umsimamishe mbele ya jiwe lenye ndege na macho na mawimbi ya maji, halafu umwambie amechoka. Wewe ndiye utakayeomba kushuka.

Mapenzi hayo yalianza kwa uvivu, na mwenyewe hafichi. Utotoni alichunga mbuzi wa baba yake ubavuni mwa mlima. Adhuhuri ikifika alitafuta kivuli, na kivuli kizuri kuliko vyote kilikuwa cha jiwe refu lililosimama peke yake ukingoni, limechongwa picha toka kichwani hadi chini. Akilala hapo hakuwa na kingine cha kutazama. Akaanza kuzipa zile picha majina ya watu wa nyumbani. Bundi alimwita shangazi Rabia, na waliomjua shangazi Rabia hawakuhitaji kuelezwa.

Alikuwa ameshaolewa na kuzaa wakati Daktari Ragaa, msomi wa kike kutoka Kairo, alipokuja kukaa msimu mmoja wa baridi ili anakili maandishi ya mlimani. Nafla ndiye aliyemwokea mkate majivuni. Kila mkate ukiiva alikuwa na swali lake tayari: na huyu ni nani, na yule mwenye miguu anakwenda wapi? Daktari hakumchoka. Alimchorea mchangani kwa kijiti, akamwambia bundi yule si bundi, ni sauti ya m, na wimbi la maji ni sauti ya n.

"Yaani miaka yote hiyo," Nafla alisema, "nilikuwa namwamkia m?"

"Na alikuwa anaitikia?"

"Kuliko shangazi Rabia."

Alipoyajua machache akajiona ameyajua yote, na hapo ndipo alipojitia matatani. Binti wa dada yake alikuwa anaolewa, na kwetu nguo ya bi harusi hudariziwa na wanawake wa ukoo kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Nafla akajitwalia mgongo wa nguo, akadarizi safu nzima aliyoipenda kutoka mlimani: mkate, mtungi, kichwa cha ng'ombe, kichwa cha bata, kwa uzi mwekundu na wa manjano. Watu wakasifu. Daktari Ragaa alialikwa harusini, akamwona bi harusi kwa nyuma, akalazimika kukaa chini. Ile ilikuwa dua ya kuwaombea marehemu chakula cha kaburini, na mtungi ule ulikuwa wa pombe.

"Pombe," mama wa bi harusi alirudia. "Mgongoni mwa mwanangu."

"Ni kumtakia asikose kula wala kunywa milele," Daktari alijitahidi.

"Akishakufa."

Nafla aliufumua mtungi pale pale mbele ya wageni, kwa meno, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mkate na ng'ombe aliviacha. Mpwa wake hajawahi kulala njaa tangu siku ile, jambo ambalo Nafla humkumbusha dada yake kila Iddi.

Jiwe lake la utotoni, hata hivyo, hakulifanyia mzaha. Daktari alimsomea siku moja mstari kwa mstari, naye akalihifadhi lote. Aliyeliandikisha alikuwa mkuu wa msafara wa wachimbaji. Anasema mfalme wake alimtuma kufuata feruzi, akaja katika majira mabaya, watu wakamnung'unikia njia nzima. Anamshukuru Bibi wa Feruzi, mungu wao wa kike, kwa kuwa alikipata alichofuata, na kwa kuwa watu wake walirudi wote, hakupotea hata mmoja.

Mstari huo wa mwisho ulikuja kumchoma baadaye. Mumewe Sweilem alikuwa mlimani siku moja mwishoni mwa kiangazi, naye alikuwa amemwahidi mama yake kwamba jioni watakula pamoja. Mbingu ilikuwa safi. Akashuka upesi kupitia korongo jembamba tunaloliita Koo. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye milima ya mashariki, mbali mahali ambapo hata radi yake haisikiki huku, na maji ya huko yakamkuta ndani ya Koo. Milima yetu ndivyo ilivyo, mtu anaweza kufa maji na tone la mvua lisimguse. Kaka yake mkubwa, Mteir bin Audeh, ndiye aliyemfukua kwenye tope kwa mikono yake.

Nafla alilia, akalea wanawe, akazeeka kidogo. Wasafiri wakaanza kuja bondeni kwetu kutembea milimani, na baadhi yao walikuwa wanawake waliotaka kuongozwa na mwanamke. Nafla akasema yeye yupo. Kazi hiyo kwetu ilikuwa ya wanaume tangu zamani, kwa hiyo maneno yakafika barazani, na barazani alikuwepo Mteir.

"Mwanamke hapeleki wageni mlimani," Mteir alisema.

"Mbuzi nilipeleka," Nafla akajibu kutoka upande wa wanawake. "Na wageni wanasikia zaidi kuliko mbuzi. Wengi wao."

Watu walicheka, Mteir hakucheka. Walivutana siku kadhaa, na mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyetoa sharti. Nafla ataongoza wanawake wenzake, lakini jua lisizame hajafika nyumbani. Likizama mara moja tu yuko nje na wageni, basi, kazi imekwisha, yeye na kila mwanamke wa baada yake. Nafla alikubali. Mkaza mwanawe Hamda alikuwa ameshaanza kumfuata nyuma ajifunze njia, na majirani wengine wawili vilevile, kwa hiyo hakuwa anajitetea peke yake.

Tangu hapo Nafla aliishi kwa kulitazama jua. Alirudi mapema kila safari, akimshukuru Mungu kwa magoti yake, kwa mgeni aliyekuwa mwepesi wa miguu, kwa chai aliyoikuta imeiva. Na kila aliporudi alimkuta Mteir amesimama kilimani juu ya nyumba zetu, mikono mgongoni, anatazama magharibi. Akimwona anageuka na kuondoka bila salamu. Nafla aliamini anasubiri siku ya kumnasa, na sisi sote tuliamini hivyo hivyo.

Siku yenyewe ilimletea Hajati Fikriya na mkaza mwanawe Inas, wote wa mji wa Tanta. Inas alikuwa daktari wa meno, mpole, anayebeba mzigo wa watu wawili. Hajati Fikriya alikuwa amestaafu ukuu wa shule lakini hakustaafu ukuu. Alikuwa amesikia kuna mwanamke wa jangwani anayesoma maandishi ya mafarao, akataka kumwona kwa macho yake.

"Mama Rashid," alisema walipofika nusu ya mwinuko, akimwita Nafla kwa jina la mwanawe, "mlima wako huu unapanda tu? Haujui kushuka?"

"Unashuka, Hajati. Wakati wa kurudi."

"Inas, umesikia? Tumetoka Tanta yote hiyo kuja kutaniwa."

"Nimesikia, mama. Kunywa maji."

Walifika kwenye jiwe jua likiwa limeanza tu kuegemea. Nafla aliwasomea kwa kidole, bila kuligusa, sehemu aliyoijua akiisoma na sehemu asiyoijua akisema wazi kwamba hapo Daktari Ragaa alimsomea. Hajati alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akaomba asomewe tena.

Nafla alikuwa katikati ya kusoma mara ya pili upepo ulipobadilika. Ulikuwa ukitoka baharini tangu asubuhi, sasa ulitoka mashariki, na ulikuwa na ubaridi wa udongo uliolowa. Aligeuka. Juu ya milima ya mbali kulikuwa na utepe wa kijivu, mwembamba, wa kupuuzwa na yeyote asiyezaliwa huku. Juu yao wenyewe anga lilikuwa la buluu tupu.

Alikaa juu ya mwamba akapiga hesabu kichwani. Njia ya kurudi ilikuwa moja, kupitia Koo. Wakiondoka mara hiyo watafika nyumbani jua lingali juu, na Mteir atageuza mgongo wake kama kawaida. Wasipoondoka, jua litazama wakiwa hapo. Hamda hatapata kuongoza, wala wale wawili, na yeye atarudi kukaa mlangoni asubiri mtu amletee habari za mlima wake.

"Tunakaa," alisema.

"Tunakaa wapi?" Hajati aliuliza.

"Hapa. Huenda tukalala. Kuna mvua huko mashariki, na maji yake hupita njia yetu."

Inas alitoa simu. "Simu inasema jua tupu, dada. Leo na kesho."

"Simu yako bado iko Tanta."

"Mwanangu," Hajati alisema, kwa sauti ambayo bila shaka ilinyamazisha madarasa mengi, "nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Hakuna mvua hapa. Na wewe mwenyewe asubuhi umetwambia lazima ufike nyumbani jua halijazama, la sivyo wanaume watakunyang'anya kazi. Ndivyo ulivyosema au sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa?"

Nafla alitazama tena mashariki. Kusema kweli alikuwa anaogopa, na aliogopa baraza kuliko maji, kwa sababu maji yangeweza yasije. Sweilem naye aliona anga safi, na alikuwa na mtu anayemngoja. Macho yake yakarudi kwenye jiwe. Alikuwa amelisoma mara nyingi kiasi kwamba alidhani amelimaliza, kumbe kulikuwa na jambo hakuwahi kuliona.

"Hajati, huyu bwana aliyeandika hapa. Umenisikia nikisoma mahali popote alipotaja walirudi siku gani?"

Hajati alifikiri. "Hapana."

"Mimi pia sijaona. Ameandika walirudi wote. Kama walichelewa, hakuona ni jambo la kuchongea jiwe."

Hajati Fikriya alimtazama, akalitazama jiwe, kisha akakaa chini na kuanza kuvua viatu. "Inas," alisema, "toa yale mayai."

Kungoja kulikuwa kubaya. Anga lilizidi kuwa zuri. Hajati, aliyekwisha kukubali, alijizuia kusema na ilimwuma kujizuia. Nafla aliona kivuli cha jiwe kikirefuka na kila kilivyorefuka aliiona kazi yake ikiondoka. Alishaanza kujiita mwoga aliposikia mngurumo, kwanza kama wa malori kwenye barabara ya mbali, na huku kwetu hakuna barabara ya malori. Halafu ukingo wote ukatetemeka.

Maji yalipita chini yao ndani ya Koo, mekundu, mazito, yamesimama wima kama ukuta, yamebeba mawe na mgunga mzima na mizizi yake. Yalijaza korongo lile ukuta kwa ukuta.

"Tungekuwa wapi sasa hivi?" Hajati aliuliza, polepole.

Nafla alielekeza kwa kidevu, pale ambapo mgunga ulikuwa umekwama na maji yakipita juu yake. Inas alimshika mama mkwe wake mkono, na Hajati Fikriya, ambaye hakuwa amekubali kushikwa mkono siku nzima, akauacha ushikwe.

Jua lilizama. Baridi ikaja mara moja, na mvua nayo, safari hii ya kwao wenyewe. Nafla aliwaingiza kwenye pango lililo nyuma ya jiwe. Humo, kwenye kigingi, mfuko ulikuwa umetundikwa, na kwetu kilichotundikwa mlimani hakiguswi ila na mwenye shida, huweza kukaa mwaka mzima bila mlinzi. Nafla alikuwa ameupita mara nyingi bila hata kuuliza ni wa nani. Usiku huo shida ilikuwa yake. Aliushusha akafungua: unga, chai, sukari, jibini kavu ya mbuzi, na chini kabisa mablanketi.

Alipoukunja mfuko ndipo alipoona alama iliyotiwa kwa moto kwenye ngozi. Kila ukoo wa kwetu una alama ya ngamia wake, na kila mtu mzima hujiongezea mstari wake ndani ya hiyo ya ukoo. Hii ilikuwa ya Mteir.

Alinusa unga. Ulikuwa mpya, wa msimu ule ule. Mteir alikwisha kuuza mbuzi wake siku nyingi na magoti yake yalikuwa mabovu, hakuwa na la kumpandisha Umm Nuqush. Tena hakuutundika juu kileleni wala chini kwenye kisima, ila hapo tu, mahali pa mwisho ambapo mtu anaweza kuamua asiingie Koo. Nafla alielewa alichokuwa anakishika. Alikaa chini na unga mapajani, akalia kwa sauti, na Inas akadhani ni hofu ya mafuriko inayomtoka.

"Si hofu," Nafla alisema alipoweza. "Tumekaribishwa, hatukujua." Kisha akakanda mkate.

Asubuhi maji yalikuwa yamekwenda, yameacha tope. Waliposhuka hadi mwisho wa Koo waliwakuta wanaume wa bondeni wanakuja, na mbele yao Mteir, mwenye matope hadi kiunoni na kucha zilizopasuka. Alimtazama Nafla, akamtazama Inas, akamtazama Hajati.

"Wazima?" aliuliza.

"Wazima, shemeji."

Aligeuka akaenda zake.

Baraza lilikaa baada ya sala ya alasiri, na hakuna aliyehitaji kuambiwa shauri ni lipi. Jua lilikuwa limezama, Nafla akiwa nje na wageni. Wazee waliketi, chai ikamiminwa. Kabla mtu hajafungua mdomo, Nafla akatokea kutoka upande wa wanawake ameshika mti wa hema, na kwenye ncha yake amefunga kitambaa cheupe.

Kwetu aliyetendewa jema kubwa hanyamazi nalo. Hupandisha kitambaa cheupe, akakipitisha mbele za watu na kumtaja aliyemtendea, ili kila mmoja ajue uso wa mtu huyo ni mweupe, yaani heshima yake ni safi. Hufanywa na wanaume. Mzee mmoja alianza kusema hivyo, jirani yake akamvuta kanzu, kwa sababu ukifikiri vizuri hakuna aliyewahi kuwakataza wanawake. Nafla alipita mbele ya baraza lote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mteir bin Audeh," alisema, "Mungu aung'arishe uso wake. Alitulaza, akatulisha, akatufunika, na yeye hakuwepo. Wageni wangu wamerudi wote kwa ajili yake. Anayesikia amwambie asiyesikia."

Hajati Fikriya, aliyekataa katakata kuondoka kabla ya baraza, alisimama pembeni na kusema amina kwa sauti ya mkuu wa shule.

Wapo wanaosema Nafla alikuwa mjanja, kwamba mtu aliyeshukuriwa hadharani kwa usiku fulani hawezi kusimama akaulaani usiku ule ule. Labda. Nafla si mjinga. Lakini waliokuwa karibu waliona mti ukitikisika mikononi mwake, na ujanja hautikisi mikono hivyo.

Mteir alisimama. Alichukua muda, akijishika goti.

"Unga ule ni wa Sweilem," alisema. "Kila mwaka nampelekea. Mwaka ule alipokufa nilichelewa kumpelekea, hakuwa na cha kumlaza huko juu, basi tu, nikachelewa."

Mama yao alikuwa ameshafariki, lakini dada yao alikuwepo, naye akajifunika uso.

"Na sharti la jua nililiweka mimi," Mteir aliendelea. Sasa alikuwa anasema na Nafla peke yake. "Nilidhani nikikupa saa ya kurudi, utarudi. Nikawa nasimama kilimani nikulinde. Jana jua linazama na maji yanashuka, ndipo nilipojua nimefanya nini. Kama ungelitii neno langu, mimi ndiye niliyekusukuma Kooni. Nimekufukua usiku kucha, shemeji. Nimekutafuta kwenye tope."

Aliwageukia wazee. "Sharti nimeliondoa. Anayeona dalili, mwanamume au mwanamke, alale huko huko hata juma zima. Sisi kazi yetu ni kungoja." Kisha akainama chini, kwa sababu machozi yalikuwa yamemshinda, mtu mzima yule, na akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuwa nimechelewa mara ya pili."

Nafla alimpa Hamda ule mti aushike. Alivuka nafasi iliyoachwa kati ya wanawake na wanaume, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Safari hii hukuchelewa," alimwambia.